Dawa ya pombe isiyomwadhibu mnywaji

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam na Nairobi, kati ya tangazo la chumba cha kupanga na la mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea, hukosi kuona namba ya simu ya mtu anayeuza dawa ya kuacha pombe. Siku hizi biashara hiyo imehamia WhatsApp na Facebook, na maelezo hayabadiliki: ni unga, hauna harufu wala ladha, mke anauchanganya kwenye chai au mchuzi, na mume ataichukia pombe bila kujua kilichompata. Muuzaji hasemi ndani ya unga mna nini. Huenda ni mizizi ya kusagwa isiyomdhuru mtu. Huenda pia ni vidonge vya disulfiramu, na hapo mchezo umekwisha, maana disulfiramu ni dawa ya kweli na inaweza kuua.

Kemikali hii ilitoka kwenye viwanda vya mpira. Miaka ya 1930 daktari wa kiwanda kimoja Marekani aliona kwamba wafanyakazi walioishika walikuwa hawawezi tena kunywa. Wakionja kidogo tu, uso unawaka na moyo unakwenda mbio. Muongo mmoja baadaye watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliokuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo, waliimeza wenyewe, wakanywa pombe, wakaugua vivyo hivyo. Wao ndio walioona kwamba hilo linaweza kuwa tiba. Marekani iliiidhinisha mwaka 1951, na jina la Antabuse likaenea duniani.

Ini huivunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu huzuia hatua ya pili. Sumu inajaa mwilini, mtu anatapika, kichwa kinapasuka, kifua kinabana, presha inashuka. Mwenye moyo mbovu anaweza asiamke. Na hali hiyo inaweza kumpata hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Sasa mfikirie mwanamume aliyewekewa dawa kwenye chai bila kujua, anatoka zake jioni kwenda kilabuni, anaagiza kama kawaida yake. Mkewe alitaka kumwokoa. Simlaumu mwanamke huyo hata kidogo, maana amehangaika peke yake miaka mingi, namlaumu aliyemuuzia.

Ikitumiwa kwa ridhaa ya mgonjwa, chini ya daktari, na kukiwa na mtu wa kumshuhudia akimeza kila asubuhi, disulfiramu huwasaidia baadhi ya watu. Hilo sina ugomvi nalo. Linalonishughulisha ni kwa nini hii ndiyo dawa pekee ya pombe ambayo jamii yetu inaifahamu, hata kama wengi hawalijui jina lake. Nadhani ni kwa sababu inafanana na fikra zetu kuhusu mlevi: amekosa, na aadhibiwe. Ukinywa, utaona.

Serikali zetu nazo hufuata njia hiyo hiyo. Kenya ilipitisha mwaka 2010 sheria ambayo wananchi waliibandika jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, yaani za vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 1, 2017. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walipokufa kwa pombe yenye sumu huko Kangai, Kirinyaga, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza hatua 25 mwezi uliofuata. Julai 2025 ikaja sera mpya ya Kenya inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Baadhi ya hatua hizi naziunga mkono waziwazi. Viroba vilikuwa vikiuzwa hadi kwa wanafunzi, na bei yake ilikuwa ya peremende. Lakini zote zinamgusa muuzaji, chupa, mlango wa baa na saa ya ukutani. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka asubuhi hadi apate glasi ya kuzimua hutajwa kwa nadra, na mara nyingi kama mkosaji.

Kwa upande wa tiba, miaka zaidi ya 30 imepita tangu dunia ipate dawa ya aina nyingine kabisa, na watu wetu wengi hawajawahi kuisikia. Inaitwa naltreksoni. Pombe inapofika ubongoni, ubongo humwaga endofini, kemikali zake wenyewe za raha ambazo hufanya kazi kwa njia moja na mofini. Endofini hizo ni sehemu ya kinachoifanya chupa ya kwanza idai ya pili na ya pili idai ya tano. Naltreksoni hukaa kwenye vipokezi vya endofini ikaziba nafasi. Aliyeimeza akinywa hatapiki, wala uso hauwaki. Anakunywa, ila ile raha aliyoizoea inapungua, na hamu ya kuongeza nyingine inalegea. Wapo wanaosimulia kwamba waliinuka mezani wakaacha bia imebaki nusu, jambo ambalo hawakumbuki kulifanya maishani.

Niseme hapa hapa, kwa sababu wengi hulielewa vibaya: dawa hii haizuii kulewa. Pombe inaingia kwenye damu kama kawaida, na mwendesha bodaboda aliyekunywa juu ya naltreksoni ni hatari barabarani sawasawa na mwenzake.

Majaribio mawili ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1992, moja likiongozwa na Joseph Volpicelli na jingine na Stephanie O'Malley, ndiyo yaliyofungua mlango. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa matatizo ya pombe, na mwaka 2006 ikaruhusiwa sindano yake ya mara moja kwa mwezi. Ipo pia akamprosati, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1989, ambayo huwafaa zaidi waliokwisha kuacha na wanataka wasirudi. Kero yake ni vidonge vingi mara tatu kwa siku, na haimfai mwenye figo mbovu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziweka zote mbili kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Orodha hiyo hiyo ndiyo yenye amoksilini na dawa ya malaria. Ila kuandikwa Geneva, makao ya shirika hilo, ni jambo moja, kufika kwenye rafu ya zahanati ya Rombo au Kisii ni jingine.

Je, zinafanya kazi kiasi gani? Hapa wauzaji wa miujiza na wapinzani wa dawa wote hupotosha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulikusanya majaribio 118 yenye watu karibu 21,000. Ulionyesha kwamba watu 11 wakipewa naltreksoni ya kumeza, mmoja kati yao hukingwa asirudi kwenye unywaji wa kupindukia, ambaye angerudi kama angepewa kidonge kisicho na dawa. Mmoja kati ya 11. Msomaji anaweza kuguna. Lakini dawa za presha ambazo wazee wetu humeza kila siku bila ubishi huhitaji watu wengi kuliko hao zimkinge mmoja na kiharusi, na hakuna anayesema presha inatibiwa kwa kujikaza.

Kuna jaribio jingine ambalo mimi hulirudia kila ninapobishana na watu kuhusu jambo hili. Linajulikana kama COMBINE, lilifanyika Marekani na matokeo yake yakatoka mwaka 2006, likiwa na watu 1,383. Naltreksoni ilisaidia, akamprosati, mara ile, haikuonyesha faida. Cha kushangaza ni kilichowapata waliopewa kidonge kisicho na dawa. Watu hao, waliokuwa wakikutana mara kwa mara na daktari au muuguzi aliyewauliza hali, akawapima na kuwatia moyo wameze vidonge vyao, walifanya vizuri kuliko wenzao waliopewa ushauri nasaha wa kitaalamu bila kidonge chochote. Mtu anaweza kulisoma hilo kama ushahidi kwamba dawa ni bure. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Mnywaji akipewa miadi, akaitwa kwa jina lake, akapimwa presha na ini kama mgonjwa mwingine yeyote, tayari tiba imeanza. Kidonge kinaongeza kitu juu ya hapo, na pia kinampa sababu ya kupita mlango wa kliniki bila aibu, kwa sababu amekuja kuchukua dawa.

Ndiyo maana siamini kwamba kikwazo ni umaskini peke yake. Marekani, penye dawa na pesa, mwaka 2019 ni asilimia 1.6 tu ya watu wenye tatizo la pombe waliotumia dawa hizi. Hata huko daktari wa kawaida hujifunza kwamba mlevi anapelekwa kwenye kikundi, kwenye nyumba ya kuachia pombe, au kanisani. Mahali popote isipokuwa chumba chake cha matibabu.

Na huko kote mlevi hupewa lengo moja tu: acha kabisa. Kwa mtu ambaye ini limeanza kuharibika, au aliyekwisha kuzama, lengo hilo ndilo sahihi na silipunguzi. Lakini wanywaji wengi wanaojidhuru hawajafika hapo. Ni mwalimu anayemaliza mshahara baa kila mwisho wa mwezi, fundi anayeanguka na pikipiki kila msimu wa sikukuu, mama anayekunywa jikoni usiku watoto wakishalala. Ukiwaambia kuacha milele, wanaondoka na hawarudi. Ukiwaambia tuanze kwa kupunguza, baadhi yao hukaa kitini. Na kupunguza kuna faida ya kupimika, kwa sababu madhara ya pombe hupanda kwa kasi kadiri kiwango kinavyopanda. Anayetoka chupa nane hadi tatu amepunguza hatari kubwa, hata kama bado hajawa mtakatifu.

Ulaya ilikubali wazo hilo mwaka 2013 ilipoidhinisha nalmefeni, ndugu ya naltreksoni, mahsusi kwa kupunguza: mtu anaimeza siku anayohisi atakunywa, siku nyingine haimezi. Ushahidi wake ulikosolewa, na kwa haki, kwa sababu faida iliyotangazwa ilipatikana kwa kuangalia kundi moja lililochaguliwa ndani ya majaribio. Kabla ya hapo, John David Sinclair, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Finland, alikuwa amejenga hoja kwamba naltreksoni imezwe saa moja kabla ya kunywa, ili ubongo ujifunze taratibu kwamba pombe hailipi tena. Wafuasi wake hutaja mafanikio makubwa kuliko yanayoonekana kwenye majaribio yenye udhibiti, nami nawasikiliza kwa tahadhari. Hata hivyo mantiki yake ina uzito, na kumeza dawa siku za kunywa tu kumeshafanyiwa majaribio na kuonekana kuwasaidia baadhi ya wanywaji.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa pwani. Kwa Mwislamu pombe ni haramu, kidogo chake na kingi chake, na daktari anayesema "punguza" anaonekana kama anahalalisha. Sidhani kama daktari anatoa fatwa. Anayemtibu mzinifu kaswende hajahalalisha zinaa. Tena Waislamu wenyewe wanajua kwamba katazo la ulevi lilishuka kwa hatua: kwanza aya ya Al-Baqarah iliyosema madhara yake ni makubwa kuliko manufaa, kisha ya An-Nisaa iliyokataza kusogelea sala mtu akiwa amelewa, mwisho ya Al-Maidah iliyokata mzizi. Hukumu leo ni ile ya mwisho, na silengi kuigusa. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kushuka ngazi huku akijua ngazi ya chini kabisa iko wapi.

Bara nako kuna ugumu wake. Mchaga haposi bila mbege, pombe ya ndizi, na kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, pombe yao ya muratina ina kiti chake. Mtu akiapa kutogusa kabisa, anajitoa pia kwenye vikao ambavyo ukoo hujadiliana mambo yake. Wapo wanaoweza. Wengi hushindwa wiki ya tatu, msiba unapotokea, na wakishaonja glasi moja husema nimeshavunja, basi nimalize. Huyo ndiye ambaye kidonge kinachopunguza hamu ya glasi ya pili kingemfaa.

Mfano wa namna ya kufanya tunao nyumbani. Mwaka 2011 Tanzania ilianza kutoa metadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, katika Hospitali ya Muhimbili kwa watumiaji wa heroini. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Vijana ambao mtaani waliitwa mateja na kupigwa kama wezi walianza kupanga foleni kila asubuhi, wakinywa dawa yao bila malipo mbele ya muuguzi. Serikali haikusubiri waache kwanza ndipo iwahudumie. Tusijisifu sana, maana kilichosukuma ni UKIMWI na fedha za wafadhili zilizokuja nao. Ila ilithibitika kwamba nchi zetu zinaweza kumwita mraibu mgonjwa na zikamaanisha. Mraibu wa pombe hana mfadhili. Na waraibu hao ni wengi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikuta Mkenya mmoja kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana tatizo la matumizi ya pombe, yaani watu zaidi ya milioni 1.3.

Wala hatuanzii sifuri. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi wa idara ya dharura walifundishwa kuzungumza kwa ufupi na majeruhi kuhusu unywaji wao, katika mpango uliopewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Tazama, hata jina lenyewe linasema punguza. Eldoret, watoa huduma wasio madaktari waliendesha vikao sita vya makundi kwa wanywaji wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na unywaji ukapungua kuliko kwa waliopewa elimu ya afya pekee. Vikao viwe na dawa pembeni yake, vyote chini ya paa la kliniki ambako mtu tayari anachukua ARV au dawa za kifua kikuu, ambazo ulevi humfanya asahau. Sioni kwa nini tabibu wa kituo cha afya aliyefundishwa asiandike naltreksoni.

Mafunzo hayo yana mambo mawili ambayo hayana mzaha. La kwanza: anayetumia metadoni, heroini, mofini au tramadoli hapaswi kupewa naltreksoni, kwa sababu itamtupa papo hapo kwenye arosto kali, yaani mateso ya mwili uliokatishwa kilevi ulichokizoea. Kwa Mombasa, Tanga na Unguja, ambako mtu mmoja anaweza kuwa anatumia pombe na heroini pamoja, swali hili lazima liulizwe na lirudiwe. Ini nalo lipimwe.

La pili ni kubwa zaidi. Arosto ya heroini inatesa, lakini mara chache inaua. Arosto ya pombe inaua. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka mwili mzima, kuona wadudu wasiokuwapo na kuzungumza na watu wasioonekana. Familia husema kalogwa, au pepo wanatoka. Hufungiwa chumbani, huombewa, hufungwa kamba. Anachohitaji ni kitanda cha hospitali, diazepamu kwa kipimo cha daktari, maji, na vitamini B1 ya sindano. Nyumba yoyote ya kuachia pombe inayompokea mtu wa namna hiyo na kumfungia bila mtaalamu wa afya inacheza na roho yake, hata kama nia ni njema na ada imelipwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu semaglutidi, ile sindano ya kisukari na kupunguza unene. Mwaka 2025 jaribio dogo la Marekani, watu 48, lilionyesha inapunguza hamu ya pombe. Inatia matumaini. Pia ni ghali mno kwetu, na itahitaji majaribio makubwa zaidi. Kuisubiri huku ya zamani haijatumika ni anasa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa watu wa afya ya jamii: ukianza kugawa vidonge, makampuni ya bia yatafurahi, kwa sababu tatizo litaonekana ni la ubongo wa mtu mmoja na si la matangazo yao, bei zao na baa zilizozunguka shule. Ni kweli watafurahi. Kodi na vizuizi vya matangazo hupunguza unywaji wa taifa zima kuliko kidonge chochote, na serikali zisipewe nafasi ya kukwepa huko. Lakini kodi ikipandishwa kesho, yule ambaye mwili wake tayari unaidai pombe hahami kwenda kwenye maji. Anahamia kwenye gongo na chang'aa, na tumeshaona Kangai kilicho ndani ya chupa hizo.

Kwa hiyo nianzie kwenye jambo dogo linaloweza kufanyika mwaka huu. Mgonjwa wa presha, wa kisukari, wa kliniki ya UKIMWI, wote huulizwa: unakunywa pombe? Anajibu ndiyo, inaandikwa ndiyo, na mhudumu anaendelea na swali la sigara. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lililotengenezwa tangu miaka ya 1980, AUDIT, na maswali yake matatu ya kwanza yanatosha kumtambua anayehitaji kuzungumziwa zaidi: unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku ya kunywa, na ni mara ngapi unanywa vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja. Yanachukua dakika mbili. Anayevuka kiwango apewe miadi yake mwenyewe, aulizwe anataka kuacha au kupunguza, na dawa iwepo dirishani siku hiyo hiyo. Bohari ya Dawa Tanzania na mwenzake wa Kenya, KEMSA, haziagizi kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye fomu ya mahitaji, na fomu hiyo hujazwa na watu wa afya wa huku huku kwetu, ambao wana simu, wana ofisi, na wanaweza kuulizwa.